Mgambo Ulipolia

Juzi alinijia bwana mmoja na daftari, ameagizwa kutafuta asili ya maneno ya kale. Akaniuliza "mgambo" ni neno la wapi. Kabla sijafumbua kinywa akajijibu mwenyewe: Kiarabu hicho. Nikamwacha. Kwetu Wazigua kugamba ni kusema, na hata mtoto anajua. Ila mtoto hana daftari.

Vijana wa leo wakisikia mgambo wanadhani ni mtu mwenye rungu. Nilipokuwa msichana, huku Handeni, enzi za Mdachi, mgambo ulikuwa mbiu ya pembe ya tandala. Ililia kwa moto, simba au msiba, basi. Aliyeisikia alitupa jembe akakimbilia inakolia, na asiyekwenda, siku akifiwa alizika peke yake. Pembe yetu ilikaa kwa bibi, mama yake baba, kwa kuwa marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mpigaji.

Ndipo akaletwa akida kutoka pwani, kanzu nyeupe juu ya punda, mjuzi wa kila kitu isipokuwa adabu. Alipoona watu hukimbilia pembe, alifurahi kama mwizi aliyekuta mlango wazi. Askari wake akawa anaichukua kwa bibi na kuipiga. Tukifika tunahema, tunakamatwa: wanaume mizigo ya Mdachi hadi Korogwe, wanawake pamba ya akida. Kisha pembe inarudishwa kwa bibi, maana bwana mkubwa hakutaka uchafu wa washenzi barazani kwake.

Wanasema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Sisi tulierevuka, pembe ikilia sote porini, na aliyebaki mashakani ni bibi, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu.

Kiangazi kimoja, mchana, ikalia. Mama akanivuta, tukalala kifudifudi vichakani. Ililia kwa kukatikakatika.

"Mama, huyo si askari."

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Nilifurahi kuambiwa ninyamaze, na naona aibu mpaka leo.

Tuliporudi, nyumba ya bibi ilikuwa majivu. Alikaa chini, mikono imeungua hadi viwiko, pembe mapajani. Akida alikuwa amekwisha kupita, akasema washenzi hawa hata kwa moto hawasaidiani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Aliuliza, "Mliisikia?"

Mama akasema tulikuwa mbali, mtoni. Bibi akanigeukia mimi, akangoja.

"Mtoni, bibi," nikasema.