Sauti Iliyoniita Mama

Usiponiamini ni haki yako. Hata mimi ningesimuliwa nisingeamini. Nakuomba tu usinicheke mpaka nimalize. Shamba lipo, ukipita barabarani Ruhembe unaliona, na Mzee Kondo aliyeshika kiberiti siku ile yu hai, anaswali swala zake tano na hana sababu ya kudanganya. Yalinipata nikiwa na akili zangu timamu, jua bado halijazama.

Kwanza umjue Gaspari. Nilimzaa Kilosa mjini nikiwa kidato cha pili, kwa aibu kubwa. Mama yangu akamchukua, akaenda kuishi naye Ruhembe kwenye kishamba chake cha miwa. Mimi nikaenda Mikumi kuwapikia madereva wa malori ili mtoto apate uji na sare za shule. Wadogo zangu walikuwa wananiita dada, na yeye akaniita dada. Unajua mambo haya, yapo kila ukoo. Mtoto akilelewa na bibi, bibi ndiye mama. Hakuna aliyemficha kitu, alijua vizuri nani kamzaa, lakini ulimi ukishazoea umezoea. Nikija na mkate na sukari alikuwa anakimbia mpaka njia panda, "Dada kaja! Dada kaja!" Nami nacheka huku moyo unaniuma. Siku moja nikamwambia, "Gaspari, mimi si ndiye mama yako?" Akajikuna kichwa. "Najua, dada." Tulicheka mpaka bibi yake akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Mama alipofariki nilirudi Ruhembe, tukawa tunalima pamoja, mimi na mwanangu. Kijana mrefu, mwimbaji wa kwaya, anakula ugali kama anagombana nao. Mwaka jana wakati wa masika homa ikampanda. Tukampeleka hospitali Mikumi. Nilifunga, nikasali rozari mpaka vidole vikafa ganzi, jumuiya yote ikaniombea. Na niliamini, sikuamini nusu nusu. Alfajiri moja akafumbua macho akasema, "Dada, maji." Nikamwekea kijiko mdomoni. Hakuyameza.

Sasa niambie, ungekuwa wewe ungemwambia nini Mungu? Mimi sikumwambia kitu, nilimnunia. Kanisani nilikwenda kwa kuogopa maneno ya watu, ila jumuiya niliacha. Baba Yetu nilikuwa naisali mpaka pale pa kuomba anachotaka yeye kifanyike. Hapo ulimi unagoma. Naruka, naendelea na mkate wa kila siku.

Ndipo mama mdogo akaja kutoka Magole. Akafunga mlango, akaninong'oneza, "Mwanangu, kijana mzima vile hafi kwa homa. Yule kachukuliwa." Alikuwa na maana ya msukule. Unazika unachodhani ni maiti, kumbe ni mgomba, na mtu wako kafichwa mahali analimishwa mashamba bila kusema. Akanipeleka kwa mtaalamu wake. Yule bwana hata hakunitazama usoni. "Yumo kwenye miwa," alisema. "Atakuita. Akikuita, itika, umfuate hukohuko aliko. Ukiogopa, umempoteza moja kwa moja."

Niamini, nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi ambao sikuupata tangu msibani. Nikaanza kupika ugali wa watu wawili. Mama gani asingefurahi?

Msimu wa kuvuna ukafika. Huku kwetu miwa huchomwa kwanza ndipo ikatwe, majani makali yaungue na nyoka waondoke. Mchomaji wetu ni Mzee Kondo, na ana utaratibu wake. Jioni upepo ukitulia, analizunguka shamba akipuliza filimbi na kupiga kelele, "Tunachomaaa! Aliye ndani atoke!" Halafu anamgeukia mwenye shamba na kuuliza, "Mwenye shamba, tuchome?" Hawashi kiberiti mpaka useme "choma" kwa kinywa chako. Hata kutikisa kichwa hakubali. "Shamba lako, moto nao uwe wako," ndivyo asemavyo.

Siku ya shamba letu majirani walishaanua nguo wasipate majivu, vijana wamejipanga na mbwa kungojea ndezi, wale panya wakubwa wa miwa, watoke. Mzee Kondo akamaliza kuzunguka. "Mwenye shamba, tuchome?" Nikafungua mdomo.

"Mama."

Ilitoka ndani ya miwa. Sauti ya Gaspari, na ule mkwaruzo wake mdogo wa mtu aliyeimba sana Jumapili. "Mama, niko huku. Njoo unitoe." Neno lile nilikuwa nimelililia tangu nikiwa binti.

"Kuna mtu ndani," nikasema.

Mzee Kondo alinitazama kidogo, kisha akaingia yeye mwenyewe na vijana na mbwa wao, wakapekua mstari kwa mstari. Walitoka wakihema. "Hakuna mtu, mwanangu. Hata ndezi hatukumwona." Shamba zima la miwa lisiwe na ndezi hata mmoja? Umewahi kuona wapi? Na kabla hajamaliza kufuta jasho, sauti ikaja tena, sasa inalia. "Mama, watanichoma."

Nikavua ndala, nikaingia. Sikumsikiliza mtu. Majani yakanikata mashavu na mikono, sikujali. Nilimwona mbele yangu, mgongo tu, na lile shati la kwaya tulilomzika nalo. Nikiongeza mwendo naye yuko mbele vilevile. "Mama. Mama."

Hapo ndipo kitu kikanigonga kifuani. Gaspari hajawahi kuniita mama. Hata kufa, alikufa akiniita dada.

Nikasimama. "Gaspari, niite unavyoniitaga."

"Mama."

"Niite vile unavyoniitaga, baba yangu!"

"Mama. Mama. Mama." Kwa mkazo uleule, bila kupumua katikati. Wala hakugeuka.

Nisikudanganye hapa. Nilishajua si yeye, na bado nilitaka kwenda. Woga haukuwa shida yangu, shida ilikuwa hamu. Ningeitwa hivyo mpaka moto unifike, na ningekufa nimeridhika. Nguvu ya kugeuka sikuwa nayo, wala usiniambie nilikuwa jasiri. Nilianza Baba Yetu kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuja mdomoni. Nikafika pale ninaporuka kila siku. Ulimi ukagoma. Nikailazimisha midomo, nikasema kwa kilio, "Unachotaka wewe, Bwana. Umemchukua, basi, ni wako. Nishike tu nitoke humu." Na nikatoka. Kinyumenyume, macho kwenye lile shati, nalia kama mtoto, lakini nikatoka.

Mzee Kondo alikuwa palepale. Akauliza tena, sauti ya chini sana, "Mwenye shamba, tuchome?"

Ndani ya miwa, "Mama."

Nikasema, "Choma."

Niliyoyasikia motoni sitakusimulia. Kesho yake wakataji waliingia, wakakata mpaka mwisho wa shamba, hawakukuta hata mfupa wa panya.

Sikukuu ya Idi iliyofuata Mzee Kondo akaniletea pilau. Tukakaa kwenye mkeka, akala kidogo, akaacha. "Mwanangu, siku ile na mimi nilisikia," alisema. "Ningekwambia, usingetoka." Nikamuuliza alimsikia Gaspari akisema nini. Akatikisa kichwa. "Mimi nilimsikia mwanangu Hamisi, yule aliyekufa maji Ruaha."

Jumuiya nimerudi. Baba Yetu naisali yote sasa, ingawa pale mahali bado panauma. Wakianza kuchoma miwa nafungulia redio sauti ya juu. Na lipo swali moja linalonila. Je, kama huko aliko, kwa bibi yake, alijifunza kuniita mama? Kama alikuwa yeye, nami nikasema choma? Kila jioni swali hilo namwachia Mungu, na kila asubuhi nakuta nimeshalichukua tena. Naye hajachoka kulipokea, au kama amechoka hajaniambia.

Wewe unayenisikiliza, shika hili. Kitakachokuja kukupoteza hakitakutisha. Kitakuita kwa lile jina ulilolililia maisha yako yote, tena kwa sauti ya umpendaye. Siku hiyo usitegemee miguu yako. Piga magoti hapohapo ulipo, useme hata kama huwezi kusema.

Jumapili baada ya misa napita makaburini. Nang'oa majani, namwagia maji maua ya kaburi lake, halafu nabisha hodi kama zamani nilipokuwa natoka Mikumi na mkate.

"Gaspari," namwambia. "Dada kaja."