Beki Asiyefunga Goli

Mume wangu alicheza mpira ujana wake wote na hakufunga goli hata moja. Msicheke! Alikuwa beki wa timu ya mgodi wa dhahabu upande wa Mkwajuni, enzi za Waingereza, na mgodi ulimwandika kazi kwa ajili ya miguu yake tu. Asubuhi alisafisha taa za wachimbaji, jioni mazoezi.

Alipoleta posa kwetu Itaka, baba alikunja uso. "Mtu mzima analishwa kwa kucheza? Haya, amefunga magoli mangapi?"

Nikasema hajafunga.

"Basi hata huko kucheza kwenyewe hajui."

Loo, nilikasirika mpaka ugali ukaungua! Lakini neno la baba lilikuwa neno. Akikataa, nimemkosa.

Jumapili moja timu ya mgodi ikaja kucheza kwetu na vijana wa Tunduma. Baba alitoka kanisani akaja uwanjani, amenuna, na koti lake mwilini. Tunduma walikuwa na mshambuliaji mwepesi, maneno mengi kama chiriku. Debe tupu haliachi kuvuma. Kila alipokuja alimkuta mtu wangu amesimama, miguu peku, kitambaa kimefungwa gotini. Alipigwa teke, akainuka. Akaangushwa, akainuka tena. Mpira wa ngozi ulioloa mvua ulimpiga kifuani, pwaa, nikafumba macho. Golikipa wa mgodi hakuchafuka hata nguo.

Baba akaacha kunung'unika, akasogea karibu na mstari. Nyumbani yeye ndiye aliyelinda mahindi yetu nguruwe pori wasiyamalize, na mavuno yakija sifa zilikuwa za mama. Nikamsikia akisema peke yake, "Huyu anajua kulinda."

Mgodi wakashinda. Watu wakambeba mfungaji begani, vigelegele kila upande. Mchumba wangu aliketi pembeni, goti limevimba, hakuna hata wa kumpa maji. Baba akapita katikati ya shangwe, akavua koti lake la kanisani, lile ambalo sisi watoto hatukuthubutu kuligusa, akamfunika mabegani.

"Inuka, mkwe wangu," akasema. "Twende nyumbani, umechoka."

Nikapiga kigelegele peke yangu, kwa nguvu zote, nikimpigia beki. Watu wakageuka kunitazama. Wacha watazame! Mume nilikuwa nimempata.