Nilihamisha kadi za wagonjwa kwenye kompyuta, nikaacha alama za ng'ombe

Wakuu, wa salaam aleikum na wa habari za asubuhi, nawasalimu wote.

Hii ninayoleta si ya kusimuliwa. Ilinipata mimi mwenyewe kazini, na nikiongeza chumvi hata kidogo, Mama Atabo wa pale kazini yuko hai na ana simu. Majina nimebadilisha. Na kabla mtu hajaandika "leta picha", kadi za wagonjwa hazipigwi picha zikaletwa huku. Vumilieni maandishi.

Mimi ni mtu wa records kwenye dispensari moja upande wa Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo. Kwetu ni Meru, huku nililetwa na kazi. Sisi ndio wale watu wa dirishani. Ukija unaumwa tunatafuta kadi yako, ukitoka tunaandika ulikuwa na nini.

Sasa ikaja amri mpya. Makaratasi basi. Kila mgonjwa aingizwe kwenye mfumo wa kompyuta, na kila ugonjwa uandikwe kwa code, herufi na namba, ili daktari wa kule mbali Oldonyiro akiisoma aone kitu kile kile alichoona daktari wa Burat. Hakuna tena kuandika "kifua" halafu kila mtu aelewe kivyake.

Tulipelekwa training mjini siku tatu.

Wakuu, ile kitu niliipenda. Unaandika ugonjwa, mfumo unakutafutia code yake, na ukikosea unakuuliza kwa heshima kama una uhakika. Wenzangu wengine walikuwa bado wanapigana na password siku ya pili. Mimi nilimaliza mazoezi wa kwanza, nikapewa tableti na kazi ya kufundisha wengine. Nikarudi Burat kifua mbele. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo nilivyojiona.

Kwa hii stori mnahitaji kujua watu wawili tu wa pale. Sista Kendi ni nesi na ndiye mkubwa wetu. Mama Atabo ni Mturkana, mtu mzima, alikuwa kwenye dirisha la kadi miaka mingi kabla sijafika. Shule aliachia darasa la tatu. Majina anayasoma pole pole, kidole juu ya herufi.

Kadi zake zilikuwa na kitu kimoja cha ajabu. Pembeni juu, kila kadi ilikuwa na kimchoro cha kalamu. Duara lenye mkia. Mistari miwili iliyolala. Kwenye kadi nyingine kimoja kimekatwa na kingine kimechorwa kando yake. Nilidhani ni mtu anachezea kalamu akisubiri foleni.

Siku niliyoanza kuhamisha, alisimama mlangoni akaniuliza, "Na hii ya juu utaandika wapi?"

"Mama, hiyo haina mahali kwa mfumo."

"Haina?"

"Haina."

Akagusa kadi niliyoshika. "Sawa. Lakini hii kadi usichome."

Nikamwambia sitachoma, huku nikicheka. Hicho kicheko kinaniuma mpaka leo.

Niwaeleze kidogo kuhusu majina, kwa wale wasiojua huku. Waturkana wengi hupewa jina kwa jambo lililokuwepo walipozaliwa. Msichana akizaliwa wakati wa mvua, huenda akaitwa Nakiru. Ukiwa mwaka wa mvua nzuri, utakuta akina Nakiru nyumba hadi nyumba. Halafu mtu asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa, sisi wa ofisini tulikuwa tunamwandikia tarehe moja Januari. Hapo Burat mwaka mpya ni birthday ya kijiji.

Basi nikiwa katikati ya kazi, mfumo ukaniletea onyo. Nakiru Ekal, mwanamke, tarehe moja Januari, Burat. Na mwingine, Nakiru Ekal, mwanamke, tarehe ile ile, mwaka ule ule, Burat. Je, huyu ni mtu mmoja?

Nikatoa kadi zote mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mama mwenye shida ya moyo, anayechomwa sindano ya penicillin kila mwezi. Ya pili ilikuwa na maneno ya wino mwekundu chini kabisa: penicillin inamkataa, alivimba uso na koo, karibu afe.

Hapo ndipo ujanja wangu uliniponza. Nikajiuliza, mtu anayechomwa penicillin kila mwezi itamkataa vipi? Nikaamua hayo mekundu ni makosa ya mtu wa zamani. Nikaunganisha kadi mbili zikawa mtu mmoja, na maneno mekundu sikuyaingiza. Orodha ikawa safi, nami nikaenda kunywa chai.

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya kliniki, Nakiru akaja. Kikohozi, homa, viungo vinauma. Sista akamtafuta kwenye tableti, akampata mara moja, na mfumo ukamwonyesha kwamba sindano ya mwezi imechelewa.

"Mama, ulipotelea wapi? Sindano yako imepita siku."

Nakiru Kiswahili chake ni kidogo. Akaitikia kwa kichwa, jinsi mtu anavyomwitikia nesi. Sista akaanza kuchanganya dawa. Mimi nilikuwa hapo kando yake, nikimwonyesha mahali pa kubonyeza akishamchoma.

Sasa, Mama Atabo hakuwa na kazi ya kadi tena. Lakini kila asubuhi alikuwa bado anazitoa kabatini, moja moja, kufuatana na watu waliokaa kwenye benchi. Hakuna aliyemtuma. Akaingia na kadi mkononi, akasimama.

"Sista, ngoja kwanza. Hii Nakiru ni ya ng'ombe gani?"

Nilidhani mama ameanza stori za mifugo katikati ya kazi. Lakini Sista aliiweka ile sindano chini bila kuuliza neno.

Mama Atabo akazungumza na Nakiru kwa Kiturkana. Nakiru akanyoosha kidole, akachora kwenye kiganja chake, mistari miwili iliyolala. Mama Atabo akaweka kadi mezani. Juu, mistari miwili iliyolala. Chini, wino mwekundu.

"Hii ndio yake. Ile ya sindano ni ya ng'ombe ingine."

Wakuu! Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa. Nilimwangalia Nakiru, na yeye alikuwa anatuangalia sisi watatu, hajui amepona nini.

Sista alibadilisha dawa. Kisha akaniambia, na hakupandisha sauti, "Miaka yote nimekuwa nikiuliza hivyo kabla ya kuchoma. Leo niliuliza tableti."

Mchana Mama Atabo alinifungulia kabati na kunifundisha. Kila ukoo una alama yake ya kuchoma mifugo kwa chuma cha moto. Msichana ni wa alama ya baba, akiolewa anahamia ya mume, ndiyo maana nyingine zilikuwa zimekatwa. Nikamtega, nikauliza, na wakiwa wawili wa jina moja na ukoo mmoja? Akanionyesha nukta ndogo ambazo sikuwa nimeziona kabisa. Nukta moja aliyetangulia kuandikishwa, nukta mbili anayefuata.

"Jina tunapeana," akasema. "Tarehe mnatupea nyinyi. Lakini ng'ombe hapana changanyika."

Sijui niwaambieje nilivyojisikia. Nilikuwa nimetoka kufundishwa siku tatu jinsi ya kumtambua mtu kwa alama asichanganywe na mwingine, na huyu mama alikuwa ameifanya kwa kalamu miaka yote hiyo, nyuma ya dirisha, bila cheti. Nilimwogopa, ule woga wa heshima.

Nikampigia mwalimu wa training nikamweleza kosa langu lote.  Akaniambia mfumo una sehemu ya kitambulisho kingine, ambayo huwa tunaiacha tupu. Nikatenganisha akina Nakiru, hapo nikaandika alama ya kila mmoja kwa maneno na kwamba mgonjwa aichore kabla ya dawa, ile allergy nikaipa code yake, na tukaanza kadi zote upya. Mama Atabo anashika kadi, anaangalia alama, ananiambia ukoo, mke wa nani, mtoto yupi alilazwa na kwa nini. Jina halisomi hata. Mimi naandika. Mara nne alinirudisha, na mara zote nne alikuwa sawa.

Juzi nikapigiwa simu na daktari wa Oldonyiro. Nakiru wetu alikuwa amefuata familia kule kwenye soko la mifugo, kifua kikamrudia. Daktari alifungua mfumo, akaona onyo la penicillin, akaona na ile alama. Akamwambia achore, naye akachora kwa kidole kwenye vumbi la meza. Akampa dawa nyingine. Alitaka tu kujua nani alifikiria hiyo kitu.

Nikampa Mama Atabo simu. Akasikiliza, akajibu "ejok", yaani vizuri, akanirudishia.

"Huyo daktari iko na kadi yangu?"

"Hapana mama. Ameiona kwa mfumo."

Akaichukua tableti, akaiangalia. Kisha akaifuta kioo kwa ncha ya shuka lake, akanirudishia mikononi.

Funzo langu ni hili, na nimelilipia kwa aibu: kabla hujaleta kipya, kaa chini na aliyeshika cha zamani, akuambie kila alama inafanya kazi gani. Ninyi wa sehemu nyingine mnaohama kwenda kwenye kompyuta, huko kwenu kuna nini kwenye makaratasi ambacho mfumo haukukiachia nafasi? Niandikieni hapa chini, nitasoma zote. Hata matusi nitapokea, yananistahili.

Kadi hatukuchoma. Ziko kabatini, na ufunguo anao Mama Atabo.