Mipira ya Hita na Macho ya Mama Mkwe

Nitasema ukweli mapema ili nisisumbuliwe mbele ya safari: kosa lilikuwa langu. Mke wangu akiisimulia habari hii kwa wageni huchukua nusu saa kufika hapo, maana anapenda kunichelewesha nikiwa nimekaa kwenye moto. Mimi namkata utamu mapema.

Nafundisha fizikia sekondari hapa Bariadi, na nina gari dogo la Kijapani ambalo umri wake unakaribia wa mke wangu. Hilo naliandika tu, nyumbani silisemi. Mwaka jana mipira miwili ya hita ilianza kuchoka. Mmoja hupeleka maji ya moto kutoka kwenye injini hadi kwenye kijirejeta kilichofichwa nyuma ya dashibodi, na mwingine huyarudisha. Ncha zake zilikuwa zimekakamaa na kupasuka, maji yanadondoka tone kwa tone. Nikapeleka gari kwa fundi wangu. Akafungua boneti, akaubonyeza mpira kwa kidole gumba, akacheka.

"Mwalimu, hita ya nini Bariadi? Tunachukua mpira mmoja, tunaunganisha hapa na hapa, maji yazunguke kwenye injini basi. Dakika kumi unaondoka."

Jamani, nilikasirika! Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kwenye gari langu kifanye kazi. Kama waliotengeneza waliweka hita, basi hita itawaka. Nikamwambia fundi kwamba tatizo la nchi hii ni watu wa kuunganisha-unganisha. Nikamfundisha na sura nzima ya joto, kidato cha pili, bila malipo. Alinisikiliza kwa adabu huku anakula muwa.

Sasa wiki ileile madaktari wa macho walikuwa wamekuja mjini kwa siku tatu, na mama mkwe wangu, anayekaa Nkoma, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa haoni tangu kabla sijamwoa binti yake. Anajua mwanga na giza, basi. Pamba analima kwa kupapasa, na anapalilia mstari ulionyooka kuliko wangu. Safari iliyopita madaktari walipokuja mvua ilikata njia, akakosa. Akikosa na safari hii angesubiri mpaka warudi, na hakuna aliyejua watarudi lini. Mke wangu alitaka kumtumia bodaboda siku ya kwanza kabisa. Mimi nikasema mkwe wangu hapandi bodaboda wakati nina gari. Nikasema hivyo nikiwa sina gari, nina bodi tu na mipira iliyopasuka.

Siku ya kwanza ikaisha natafuta mipira. Yenye mikunjo ya kiwandani haikuwepo, labda Mwanza. Siku ya pili nikaingia duka la pembejeo, la dawa za pamba na majembe, nikauona mpira wa kijani umeviringishwa ukutani. Ni ule wa pampu kubwa za kupulizia dawa, mnene, unang'aa, wa kupendeza macho. Nikamuuliza muuzaji kama unaweza kuhimili maji ya gari. Akaniangalia kwa huruma.

"Huu hauogopi dawa ya pamba, utaogopa maji?"

Na mimi, mwalimu wa fizikia, nikaona ni hoja! Nikanunua mita mbili. Nyumbani nikatoa mipira ya zamani, nikaitupa kwenye buti, nikafunga mipya kwa klipu na bisibisi. Ilikuwa migumu kuingia, nikachovya ncha kwenye maji ya moto. Ikalainika mara moja, ikaingia kama soksi. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini imelainika haraka hivyo. Mimi nilipiga mluzi.

Kisha nikawasha gari hapo uani, nikapandisha vioo, nikafungulia hita mpaka mwisho. Saa nane mchana, jua la Simiyu. Nikakaa ndani kama dakika tano natoka jasho huku natabasamu. Majirani walikusanyika kwenye ua. Mke wangu alitoka na ungo wake wa mchele, akanitazama, akarudi ndani.

Siku ya tatu, ya mwisho, tukaondoka alfajiri. Kuandikisha wagonjwa kulikuwa kunafungwa saa sita mchana. Tulifika Nkoma salama. Mama akatoka amevaa kitenge kipya, na mke wangu akambebea dumu la maji ya kunywa.

Hapa inabidi nieleze jambo kwa wasio wa huku. Kwetu Usukuma mkwe ni mkwe. Mkwilima, yaani mimi niliyeoa, simkaribii mama mkwe, simpi mkono, na hatuongei ana kwa ana ikiwa yupo mtu wa kutupitishia maneno. Wengi mjini wameshaacha. Mama huyu hajaacha. Nikasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", nikiwa nimegeukia zizi la ng'ombe, naye akaitikia amegeukia ghala. Akakaa kiti cha nyuma, kitenge kichwani. Nami, ili nisije nikamtazama kwa bahati mbaya, nilikigeuza kioo cha ndani kikaangalia dari. Ukiniuliza nilikuwa naonaje magari ya nyuma, sikuwa naona.

Hatukufika mbali. Kwenye kamlima kadogo kati ya mashamba ya pamba nikasikia *pssss*, halafu *paa!* Mvuke ukajaa mbele, kioo kikawa cheupe. Nikasimamisha. Kufungua boneti, ule mpira wa kijani umevimba kama koo la chura na kupasuka ubavuni. Mwenzake naye amelegea, anasubiri zamu yake. Kumbe hauogopi dawa ya pamba, ila maji ya moto unayaogopa vibaya sana.

Saa tatu na nusu. Hakuna gari linalopita. Nilijua kabisa nimemnyima mama wa watu macho yake kwa sababu ya ubishi wangu, na nilishindwa hata kumtazama mke wangu.

Dirisha la nyuma likashuka.

"Muulize mkwilima, kimepasuka nini?"

Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Mke wangu akanigeukia: "Mama anauliza kimepasuka nini."

"Mwambie mpira wa hita."

"Mpira wa hita, mama."

"Muulize hita ndiyo nini."

"Anauliza hita ndiyo nini."

Nikakohoa. "Mwambie ni chombo cha kupasha joto ndani ya gari. Ili abiria wasisikie baridi."

Kunguru akalia huko pambani. Jua lilikuwa linatuchoma visogo.

"Muulize tena," mama akasema. "Nadhani sijasikia vizuri."

Nikarudia. Basi yule mama alicheka! Alicheka mpaka kitenge kikamwanguka, akapiga mlango wa gari kwa kiganja, akamwita marehemu mama yake. Kila akitaka kunyamaza anasema "wasisikie baridi!" na kuanza upya. Mke wangu naye akaanza, akakaa chini kabisa kwenye nyasi. Nikasimama mimi na bisibisi yangu, natamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya huku kiangazi ni ngumu.

Alipotulia akafuta machozi.

"Muulize, hayo maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi?"

"Yanatoka kwenye injini, yanaingia kwenye hita, yanarudi kwenye injini."

"Kwa hiyo yanakwenda kutembea tu."

Mke wangu hakuwa na haja ya kunipitishia hilo. "Ndiyo," nikasema, "yanakwenda kutembea."

"Mwambie yasitembee. Yarudi nyumbani moja kwa moja."

Nawaapia, ilinichukua muda. Nina cheti na diploma, na nilikaa pale nimekodoa macho mpaka nikakumbuka fundi wangu na muwa wake. Bibi wa Nkoma asiyeona, ambaye hajawahi kugusa injini, alikuwa amefika alipofika fundi bila hata kufungua boneti.

Nikakimbilia buti nikatoa mipira ya zamani. Tatizo, imepasuka, na nyufa nyingine ni nyembamba, huzioni mpaka zibanwe na maji. Nikaanza kuikagua juani, naigeuza, nafinya macho. Mama akafungua mlango, akashuka akipapasa ubavu wa gari, akanyoosha mkono.

"Alete huo."

Nikampa mke wangu, naye akampa mama. Akaupitisha mpira vidoleni taratibu, kidogo kidogo, anabonyeza, anakunja, ananusa. Vidole vile vimepalilia pamba gizani miaka kadhaa, mpira wa gari ungevificha nini? Akasimama mahali. "Hapa umeoza ndani." Akasogea. "Hapa pia." Akasogea tena, akapapasa kipande cha katikati mara mbili. "Kuanzia hapa mpaka hapa ni mzima. Akate."

Nikachukua kisu. Kisu butu, mpira unateleza, nakata upande. Mama akasikia ninavyohangaika.

"Wewe mkwilima! Vuta upande wako, mimi navuta huu!"

Hee! Mke wangu alishika mdomo. Alikuwa ameniita mwenyewe, kwa mdomo wake, bila mjumbe. Nikavuta. Yeye akavuta. Kisu kikapita. Na mpira ulipokatika vidole vyetu vikagongana.

Tukaganda wote watatu. Mimi nilitegemea radi.

Mama akafikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mahakama: "Hatujagusana. Tumeshika mpira."

"Kweli kabisa," nikasema haraka. "Tumeshika mpira."

Nikaunganisha kile kipande hapa na hapa, kama fundi alivyosema, nikakaza klipu mpaka vidole vikauma. Tukangoja injini ipoe, na kungoja huko kulinitesa kuliko kazi yote. Kisha nikamimina dumu zima la maji ya kunywa ya mama kwenye rejeta. Gari likawaka. Njia nzima mama alinung'unika kwamba ana kiu, na kwamba huko nyuma ni joto, hivyo mkwilima asihangaike kuwasha hita.

Tulifika hospitali saa sita kasoro dakika chache, daftari bado liko wazi mezani. Nesi akanitazama mimi kwanza: masizi mpaka kwenye masikio, macho mekundu kwa mvuke. Akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akauliza nimeanza lini kutoona.

"Jana," mke wangu akajibu, "alipoingia duka la pembejeo."

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia jioni ileile. Asubuhi tukarudi kumtazama akifunguliwa bandeji. Mimi nikasimama mbali, kwenye korido, nyuma ya nguzo, ndivyo heshima inavyotaka. Nilikuwa naona kipande cha chumba tu. Nikaona nesi anatoa pamba na plasta, mama anapepesa, anapepesa tena, jicho linatoa machozi. Nesi akanyoosha vidole.

"Vingapi, bibi?"

"Vitatu. Na kucha zako zimebanduka rangi."

Mke wangu akaanza kulia hapohapo. Mama akamshika mashavu, akamtazama muda mrefu. Akamwambia amenenepa. Akatazama dirisha, akatazama viganja vyake mwenyewe, mbele na nyuma. Halafu akageukia korido.

"Yule anayejificha nyuma ya nguzo ni nani?"

"Ndiye mkwilima, mama."

Nikageuza uso ukutani haraka.

"Ageuke."

"Mama, si mwiko..."

"Nimekaa gizani tangu hajaniolea mtoto. Mwiko utanisubiri kidogo. Mwambie ageuke, nimwone."

Nikageuka. Sikujua mikono niiweke wapi. Mama mkwe wangu akanitazama kwa lile jicho moja jipya, kutoka kwenye viatu kupanda juu, polepole. Safari ya macho yake ikaisha mapema kuliko alivyotegemea, akarudi kwenye viatu akaanza tena. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mbona mfupi?"

Mke wangu akainama chini ghafla, akaanza kutafuta kitu kwenye pochi. Ndipo nikajua kwamba miaka yote sita ya ndoa yetu alikuwa amemwambia mama yake ameolewa na mwanamume mrefu.

Nilicheka huku machozi yananitoka, siwezi kuficha. Mama naye akacheka, akajifunika mdomo kwa kitenge, lakini jicho hakuliondoa kwangu.

"Asogee karibu basi," akasema. "Huko aliko anazidi kupungua."