Salamu za Dirishani

Nilipotoka Lamu kuja kufundisha katika shule ya Wadachi hapa Chole, nilipanga chumba kwa bibi mmoja ambaye mumewe alipotelea baharini miaka saba iliyopita. Mji huu una ada yake. Kila apitaye dirishani pake humtolea salamu mume huyo, husimama kidogo kama angojaye jibu, ndipo huenda zake.

Juma lililopita ndugu wa mume walimpeleka bibi kwa kadhi. Walitaka ndugu yao ahukumiwe kuwa amekufa, nyumba igawanywe, naye bibi atoke. Majirani wote walishuhudia kwamba mtu yu hai. Kadhi akawapungia mkono wanyamaze, akanigeukia.

"Mwalimu, wewe ni mgeni, huna upande. Umepata kumsikia?"

Bibi alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake.

"Nimemsikia," nikasema. "Hukohoa alfajiri."

Ulikuwa uongo wa huruma, nami niliutunga kwa uangalifu. Kadhi akaitupa kesi.

Njiani nikamwambia, "Bibi, nisamehe kwa kusema nisilolijua."

Akacheka, akanigusa bega. "Hulijui vipi, mwanangu? Kila alfajiri mume wangu akitoa salamu, nakusikia ukimwitikia."

Wasomaji mliosoma sheria, niambieni kama nilishuhudia uongo. Mimi tangu siku hiyo nalala nimejifunga kitambaa mdomoni, na kila nikiamka nakikuta kimekunjwa vizuri miguuni pa kitanda.