Sari ya Zambarau ya Sengamalam

Kazi yangu maisha yote ilikuwa kukunjua sari. Nilikaa juu ya godoro jeupe katika duka la hariri hapa mjini Kumbakonam, nikizitandaza mbele ya akina mama, na kila aliyenunua nilimpa mahubiri ya bure: usiitie kwenye mfuko wa nailoni, mama, ifunge kwa kitambaa cha pamba, usiianike juani, kila baada ya miezi michache ikunjue, ipigwe na upepo kivulini, kisha ubadilishe mikunjo, maana hariri iliyokunjwa pale pale hukatika pale pale. Mtaani waliniita Daktari wa Hariri. Nilijifanya sipendi.

Lakini mganga hajigangi. Mke wangu Sengamalam alipofariki, niliichukua sari ya zambarau aliyoivaa sikukuu yake ya mwisho ya mavuno, Pongal, nikaifungia kabatini. Kuianika sikutaka, nisije nikaupa upepo harufu yake. Nondo nao niliwaogopa, kwa hiyo nikatia vidonge vya naftalini, tena bila uchoyo. Kila nilipofungua kabati nilivuta pumzi, nikaridhika, mjinga mimi.

Mwaka huu binti yetu Kuzhali akachumbiwa.

"Appa, siku ya uchumba navaa ile ya Amma. Sitaki nyingine."

"Dukani kuna mpya nzuri, rangi yake—"

"Usinifanye mteja wako! Lete ufunguo."

Alipoikunjua tu, chwaa! Sari ikapasuka kwenye mkunjo. Nilikaa chini. Aibu ilinishika, na huzuni kuliko aibu.

"Haya Daktari, mgonjwa wako huyo," alisema Kuzhali. Kisha akainusa, akakunja pua. "Hivi miaka yote hii ulikuwa unanusa nini? Hii ni dawa ya nondo tupu!"

"Nilidhani ni mama yako."

Hakucheka. Aliutazama mpasuko, akaugeuza huku na huku. "Imekatika upande wa ndani. Nitauchomeka kiunoni, hakuna atakayeuona. Ila usilie mbele ya wakwe, utatuumbua."

Nililia. Wakwe walidhani ni furaha.

Kesho yake asubuhi alinirudishia sari. Ilinukia jasmini, kafuri na jasho la mtu aliye hai. Mikono yangu ilitaka kuikunja upesi na kuifungia. Nikaipeleka barazani, nikaitandaza kivulini, nikaketi kando yake na kuuacha upepo uichukue harufu yote.