Mgongo wa Mwiko

Maji ya moto yamegusa mwiko wa marehemu mama na harufu ya wino imepanda tena, kana kwamba sijausugua miaka yote hii.

Mama alichonga picha kwenye ubao, akaupaka wino mweusi, akatandaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa mwiko. Mchana aliogesha wazee wa watu. Jioni alichonga wanawake wenye mlango tumboni, na watu wasio na vichwa wakitoka humo. Nilizionea haya picha hizo.

Jumamosi moja bwana mmoja wa maonyesho ya sanaa alikuja kutoka mjini mpaka kwetu Macquarie Fields, kitongoji cha huku ugenini. Kiingereza cha mama kilikuwa cha kuombea kazi tu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi, mtoto wa miaka tisa. Bwana alionyesha picha moja ya wale wasio na vichwa, akauliza ina maana gani.

"Mwambie hao ni ndugu zangu," mama alisema. "Nimeanza kusahau nyuso zao."

Nikamwambia bwana kwamba mama anajifurahisha tu, haina maana yoyote. Alitabasamu kwa adabu, akamaliza chai, akaondoka.

"Amesemaje?"

"Atarudi."

Hakurudi. Angerudia nini? Lakini kila Jumamosi mama aliondoa vyombo mezani mapema, akapanga picha, akaniambia nisiende mbali.

Binti yangu ananiuliza, kwa Kiingereza, kwa nini mwiko huu ni mweusi.

"Uliungua tu," namjibu.